Gemu ya mashua isiyokuwa na upepo: uchambuzi wa kisa kutoka Lamu

Vijana watatu wa Lamu walikuwa wakitengeneza gemu ya simu kuhusu mashindano ya mashua. Mmoja anaandika programu, kazi aliyoisomea Mombasa. Wa pili ni mchoraji. Wa tatu ni binti anayeshughulikia sauti na muziki. Waliponiita niitazame kazi yao, gemu ilikuwa imeshajaa vitu vya kila aina, na swali lao lilikuwa moja: kwa nini kila anayeiona anaisifu, lakini hakuna anayeirudia?

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu, kwa idhini yao, kwa sababu tatizo lililowakuta nimeliona kwa timu nyingine za pwani na za bara. Tunaanza kutengeneza gemu kwa kuuliza itaonekanaje. Swali la mchezaji atafanya nini kwa mkono wake, dakika baada ya dakika, linakuja mwisho, au haliji kabisa.

Ilivyokuwa

Mashua ilikuwa ikipanda yenyewe kuelekea juu ya kioo cha simu. Ukigusa kushoto inakwenda kushoto, ukigusa kulia inakwenda kulia. Njiani kuna miamba, nyavu na maboya ya kukwepa, na sarafu za kuokota. Sarafu zikitosha unaingia dukani kununua tanga jipya, rangi za ubavuni au bendera. Kila baada ya mashindano matatu unateremka pwani, unapanda punda na kumkimbiza kwenye vichochoro vya mji. Wahusika wanazungumza Kiamu. Ngome ipo, milango ya kuchonga ipo, baraza zipo. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na mchoraji huyu aliuchora kwa mapenzi ya mwenyeji: ukuta wa matumbawe unaobanduka chokaa, kivuli cha saa kumi, paka kwenye ngazi.

Tuliipeleka gatini, tukaiweka mikononi mwa watoto waliokuwa wakiogelea pale. Niliwaomba wenye gemu wasieleze wala wasielekeze, watazame vidole tu. Watoto waliipokea kwa shangwe. Walitambua nyumba, wakaoneshana, wakabishana punda yule ni wa nani. Halafu vidole vikaanza kulegea. Kabla ya mashindano ya pili kumalizika, simu ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe, na ahsante juu. Hakuna aliyesema ni mbaya. Hakuna aliyeiomba tena.

Kando yetu alikuwa ameketi nahodha mmoja mzee. Mwandishi wa programu akamsogezea simu: "Ami, hebu jaribu na wewe." Mzee aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza mashua kushoto, akaisogeza kulia, akawa analitazama tanga, ambalo limejaa vizuri wakati wote, chombo kielekee popote. Kisha akauliza, "Mwanangu, hapa pepo i wapi?"

Nililiandika swali hilo kwenye daftari, kwa sababu ndilo lililotupa pa kuanzia.

Mkono unafanya nini?

Kila gemu ina kitendo kimoja, pengine viwili, ambacho mchezaji anakirudia mara mia na zaidi: kuruka, kulenga, kupanga, kujificha. Hicho nakiita kitendo kikuu. Hadithi, michoro, muziki, duka na alama vimejengwa juu yake. Kikiwa kitamu, gemu inaweza kusimama hata ikiwa uchi. Kikiwa chapwa, kila unachokiongeza juu yake kinachelewesha tu wakati wa mchezaji kuchoka.

Mfano wa gemu iliyosimama ikiwa uchi ni Tetris. Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, mashine isiyoweza kuonyesha picha. Vipande vyake vya kwanza viliundwa kwa alama za maandishi. Hakukuwa na rangi wala mhusika. Kulikuwa na kipande kinachoshuka, mkono unaokizungusha, na nafasi inayozidi kupungua. Kitendo hicho hakijabadilika mpaka leo.

Na hatuna haja ya kwenda Moscow. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kitendo chake ni kuchota kete na kuzigawa moja moja, shimo kwa shimo. Humo ndimo zinamozaliwa namua na mtaji, yaani awamu mbili za mchezo, ulinzi wa nyumba, uamuzi wa kuingilia kichwa hiki au kile, mpaka mtu akakaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, tangu alasiri hadi magharibi na bado anataka mkono mwingine. Liwe bao la mbao lililochongwa na fundi au mashimo yaliyochimbwa mchangani na komwe za kuokota, mchezo ni ule ule. Wazee waliotuachia bao walilijua jambo hili kuliko wengi wetu tunaolipwa kwa kazi hii.

Basi nikamwomba kijana wa programu afiche michoro yote. Mashua ikawa sanduku la kijivu, miamba ikawa masanduku meusi, mji ukatoweka. Tukacheza. Kimya kilichofuata kilikuwa kigumu kwa mchoraji, nami nilimwonea huruma, lakini kilituonyesha tulichokuwa tukikitafuta. Lile sanduku ungeweza kuliita matatu, au roketi, na hakuna kanuni hata moja ambayo ingehitaji kubadilishwa. Lamu ilikuwa kwenye picha tu. Mkono ulikuwa ukifanya kile kile unachokifanya kwenye mamia ya gemu za simu za kukwepa na kuokota.

Mwaka 2004 Robin Hunicke, Marc LeBlanc na Robert Zubek waliandika makala inayoigawa gemu katika tabaka tatu: kanuni alizozitunga mwenye kuunda, mwenendo unaotokea kanuni hizo zikichezwa, na hisia anazobaki nazo mchezaji. Muundaji anaingia kwa mlango wa kanuni, mchezaji anaingia kwa mlango wa hisia. Timu yetu ilikuwa na hisia waliyoitaka, na waliijua vizuri sana: fahari ya kuwa nahodha wa Lamu mbele ya watu wote waliojipanga ufukweni. Walichokosa ni kanuni za kuizaa. Waliazima kanuni za gemu nyingine wakazipaka rangi za nyumbani.

Hapa nina msimamo mkali, na nitausema wazi. Tukitaka gemu zetu ziwe zetu, mahali petu lazima paingie katika kazi ya mkono. Mlango wa kuchonga kwenye picha unapendeza, lakini mtu wa Jakarta au Lima anaweza kuunakili kwa picha alizozipata kwenye intaneti. Namna nahodha wa Lamu anavyoamua ageuze tanga sasa au asubiri kidogo, hiyo haipatikani kwenye picha.

Kamba isiyozungushwa mkononi

Yule mzee alikubali kututoa na mashua. Kijana wa programu akapewa demani, ile kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Jambo la kwanza aliloambiwa ni asiizungushe mkononi, kwa sababu upepo wa ghafla ukija, kamba itamchukua yeye. La pili ni kwamba asilikodolee macho tanga, atazame maji mbele. Palipo na upepo mwingi uso wa maji huingia giza, kama kivuli kinachokimbia, na mwenye kuliona giza lile mapema hulegeza demani kabla chombo hakijalala.

Nilikuwa nikiitazama mikono ya yule kijana. Alivuta, chombo kikapata kasi. Akazidisha, mashua ikainama, mwendo ukafa. Akalegeza, tanga likaanza kupigapiga. Akatafuta katikati, akaipata, na baada ya muda mfupi upepo ukageuka kidogo ikabidi atafute upya. Alikuwa akitabasamu bila kujijua. Niliposhuka pwani nilikuwa na hakika kwamba gemu tumeipata, na kwamba haikuwa ndani ya ile simu.

Ndani ya mashua kuna kazi nyingi: usukani, demani, watu wa kukaa kwenye ubao unaotokezwa nje upande wa upepo ili chombo kisipinduke, mtu wa kufua maji, mtu wa kuangalia miamba. Vijana walitaka kuziingiza zote. Niliwashikilia wachague moja iwe mfalme, na nyingine moja iwe waziri. Ubishi ulikuwa mrefu. Binti wa sauti ndiye aliyeumaliza, akasema kuwa demani ndiyo kazi pekee ambayo kila wakati ina jibu zuri kidogo na baya kidogo. Kukwepa mwamba ni kupona au kugonga, hakuna katikati. Demani haina mahali pa kupumzika: ukikaza unapata kitu na kupoteza kitu, ukilegeza hali kadhalika, na jibu la sasa hivi haliwi jibu la baadaye kidogo. Kidole gumba cha kulia kikapewa demani, cha kushoto kikapewa usukani.

Wakaanza upya kwenye Godot, injini ya gemu isiyolipishwa ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na hata kuibadilisha. Hapakuwa na mji, hapakuwa na mashindano. Palikuwa na sanduku, mstari uliosimama badala ya tanga, na eneo tupu la maji. Kazi ya namna hii inawatia watu hofu kwa sababu haina cha kuwaonyesha wageni. Niliwakumbusha kuwa Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilianza vivyo hivyo. Shigeru Miyamoto na wenzake Nintendo walishughulika na namna Mario anavyokimbia, anavyoruka na anavyomkimbiza sungura kabla hawajaijenga dunia yake.

Yaliyoamuliwa kwenye maji matupu

Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kinabisha: kinakwenda mshazari upande mmoja, kinageuza tanga, kinakwenda mshazari upande wa pili. Kanuni hiyo iliingia kwenye gemu bila kupunguzwa. Ukiielekeza mashua ndani ya nyuzi 50 za upepo, kwa upande wowote, tanga linakufa.

Kanuni nyingine zililainishwa. Programu inalinganisha pembe ya tanga na pembe ya upepo, na kadiri zinavyokaribia kupatana ndivyo kasi inavyopanda. Mwanzoni eneo la kupatana lilikuwa jembamba mno, na hata sisi tuliolitunga tulikuwa tukilikosa. Kijana wa programu alilitetea kwa kuwa ndivyo lilivyo baharini. Nilimjibu kuwa baharini mkono unapewa habari na kamba yenyewe, uzito wake na mtetemo wake, na kioo cha simu hakimpi mchezaji hata robo ya habari hizo. Ukimnyima mtu habari, sharti umwongezee nafasi ya kukosea. Eneo likapanuliwa.

Lililotuchukua muda kuliko yote ni uzito. Katika jaribio la kwanza, ukisogeza kidole, tanga lilisogea polepole na mashua nayo ikafuata polepole. Ilikuwa sahihi kwa namna fulani, na ilikuwa inakera. Mtu akikosa jibu ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, anaanza kuhisi kuwa kidole chake hakisikilizwi. Tukavitenganisha viwili hivyo. Tanga likawa linajibu papo hapo, pamoja na sauti ya kamba kukaza. Chombo kikabaki kizito, kinachukua muda kushika kasi na muda kuipoteza. Tangu siku hiyo mkono ukajua umesikiwa, na mashua ikabaki mashua.

Kisha likaja suala la mshale. Pembeni mwa kioo palikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha upepo, na wachezaji wote walikuwa wakiutazama huo. Mashua hawaioni, maji hawayaoni, mashindano hawayaoni. Nikapendekeza uondolewe. Programu ikakataa kabisa, yaani aliyeiandika alikataa, akiuliza mtu atajuaje. Mchoraji, ambaye kwa siku nyingi alikuwa amekaa bila kazi akitazama masanduku, akasema, "Nipeni maji niyachore."

Aliyachora. Upepo wa kawaida ukawa mistari myepesi inayokwenda upande wake. Upepo wa ghafla ukawa lile giza tuliloonyeshwa na mzee, linasafiri juu ya maji kuelekea kwenye mashua, na ukilitazama unajua litakufikia lini. Tanga lililolegea kupita kiasi linapigapiga, na simu inatetemeka kwa mapigo yale yale. Mshale ukaondoka. Michoro sasa ilikuwa ndani ya kanuni: ukiufuta mchoro wa maji, gemu haichezeki. Nadhani hakuna siku iliyomfurahisha mchoraji yule kuliko hiyo, nami niliiona haki imetendeka.

Kugeuza tanga kulipewa gharama. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inazungushwa mbele ya mlingoti, tanga linajaa upya upande wa pili, na kwa sekunde kama tatu huna nguvu. Hapo ndipo akili ya mchezaji inapoingia. Anaweza kugeuza mara nyingi akibaki karibu na ufuo, au kugeuza mara chache kwa kuvuka mkondo mzima. Tuliongeza msamaha mdogo pia. Gemu ya Celeste ya mwaka 2018 inamruhusu mchezaji kuruka hata ikiwa ameshapita ukingo, ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wengi hawajui kuwa wanasamehewa. Yetu inaikumbuka amri ya kugeuza iliyotolewa mapema kidogo, na inampa mchezaji nafasi fupi ya kulegeza demani kabla mashua haijapinduka.

Punda

Duka lilikatwa bila machozi. Sarafu zilikatwa. Ila punda alileta ugomvi wa kweli, na sitaki kuupita haraka.

Mchoraji alikuwa ameifanyia kazi sehemu ile kwa miezi. Hoja yake ilikuwa nzito: "Mwalimu, Lamu bila punda si Lamu." Punda ndiye mchukuzi wa mji, mashindano ya punda ni sehemu ya sherehe zetu, na mgeni akiikumbuka Lamu anamkumbuka punda kabla ya mashua. Yote kweli. Lakini kwenye gemu, kila mara mchezaji alipoanza kuushika upepo, alinyang'anywa demani akapewa kitendo kingine kabisa, kisichomsaidia katika cha kwanza. Kila sehemu ilikuwa inaikatiza nyenzake.

Msimamo wangu ulikuwa kwamba mashindano ya punda yanastahili gemu yake, itakayoanza na swali lile lile la mkono. Aliyewahi kumpanda punda vichochoroni anajua kuwa kazi hasa ni kumshawishi kiumbe mwenye akili yake na mipango yake, na hicho ni kitendo kikuu kizuri sana ambacho sehemu ile iliyokatwa haikukigusa hata kidogo. Punda ndani yake alikuwa baiskeli yenye masikio. Mchoraji hakukubali siku ile. Alikubali baada ya kuona watoto wakicheza toleo lisilo na punda bila hata mmoja kuuliza alikokwenda. Punda sasa wako ufukweni, wamebeba mawe na mchanga, wanaonekana mashua inapopita karibu na mji.

Upepo wa kuibiwa

Mwanzoni mashua za wapinzani zilikuwa zikifuata njia zilizopangwa, kama zimewekwa kwenye reli. Watoto waligundua mara moja. "Hizi hazibishi!" Ikabidi ziandikwe upya zifuate kanuni za upepo zile zile za mchezaji, na kwa kuwa tanga huzuia upepo, kijana wa programu akaongeza kuwa nyuma ya kila tanga kuna eneo ambalo upepo umepungua. Alifanya hivyo kwa ajili ya usahihi tu.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mpango wowote. Watoto wawili walikuwa wakicheza kwa zamu, na mmoja akaacha kukimbilia boya, akaipeleka mashua yake upande wa upepo wa mpinzani na kukaa hapo makusudi. Tanga la mpinzani likalegea. Mwenzake aliyekuwa akitazama akapiga kelele, "Amemwibia upepo!" Baada ya hapo kila mtu akataka kuiba upepo, na wengine wakaanza kubuni namna ya kukwepa kuibiwa. Manahodha wa kweli wanaijua mbinu hiyo tangu zamani, lakini hakuna kati yetu aliyeiandika kama mbinu. Kanuni mbili zilikutana zikaizaa.

Mambo kama haya hutokea pale tu kanuni zinapohusu kitu kimoja. Space Invaders, gemu ya Tomohiro Nishikado ya mwaka 1978, ina kisa kinachofanana. Kadiri maadui walivyopungua, mashine ilikuwa na vichache vya kuchora, basi waliobaki wakaenda mbio zaidi. Nishikado hakulirekebisha, aliliacha liwe sehemu ya mchezo, na mbio zile za mwisho ndizo zinazoukaza moyo wa mchezaji.

Mkondo mmoja, mashindano mengi

Toleo la kwanza lilikuwa na hatua nyingi zilizochorwa moja moja. La sasa lina njia chache tu, na linachezwa kwa muda mrefu zaidi. Njia kuu ni kutoka gati la Lamu hadi kijiji cha Shela na kurudi, kama kilomita tatu kwenda. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kwenda Shela ni kubisha na kurudi ni upepo wa nyuma. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, upepo unatoka upande wa Manda, kisiwa cha ng'ambo. Mashindano yanakuwa ya upepo wa ubavuni, na kila unapousogelea ufuo wa Manda upepo unazidi kukatikakatika. Michoro ni ile ile. Ukiongeza maji kujaa na kupwa, mkondo unakuwa na nguvu zaidi katikati kuliko kandokando, basi anayekwenda kinyume cha maji anavutwa kuukaribia ufuo, na ufuoni ndiko kwenye mafungu ya mchanga. Siku za bamvua mkondo unakuwa mkali, siku za maji mafu unalala.

Mtoto mmoja aliyemaliza wa tatu aliirudisha simu kwa nusu tu ya mkono, akasema, "Nipe tena, sasa n'takwenda na upande wa Manda." Kwa mtu wa kazi yangu, sentensi hiyo inazidi sifa zozote. Kichwani mwake tayari kulikuwa na dhana ya kujaribu.

Wasioijua bahari

Watoto wa Lamu hawakuhitaji maelezo. Watoto wa Nairobi waliotumiwa toleo hilo walifanya jambo lile lile wote: waliielekeza mashua kwenye boya, upepo ukiwa usoni, wakasubiri. Walidhani simu imekwama. Rai ya kwanza ilikuwa kuandika ukurasa wa maelezo, na niliipinga. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 inamfundisha mchezaji kuruka kwa kumwekea adui mmoja anayekuja polepole mwanzoni kabisa mwa hatua ya kwanza, bila neno.

Tulifuata njia hiyo. Safari ya kwanza upepo ni wa nyuma na usukani umefungwa, kazi ni demani peke yake. Ya pili upepo ni wa ubavuni na usukani unafunguliwa. Ya tatu boya limewekwa mshazari kiasi kwamba ukilikimbilia moja kwa moja tanga linaanza kupigapiga, lakini ukilegea kidogo upande unafika, na hapo mchezaji anakuta amebisha kabla hajaambiwa kuwa kuna kubisha. Ya nne ndiyo upepo wa uso. Wa Nairobi wengi sasa wanavuka. Wachache bado wanakwama kwenye ya tatu, na nadhani boya liko mbali mno, linampa mtu muda wa kukata tamaa kabla hajapata jibu. Hilo linarekebishwa.

Linalowashughulisha vijana hivi sasa ni ubao. Wanataka mtu wa pili aweze kushika upande wa juu wa simu ile ile, awe ndiye watu waliokaa kwenye ubao, awasogeze nje upepo unapozidi na kuwarudisha ndani unapopungua, ili aliyeshika demani aweze kukaza zaidi bila kupinduka. Masanduku ya kijivu yamerudi kwenye kioo. Katika jaribio la mwisho nililoliona, vidole vya wachezaji wawili vilikuwa vikizibiana maji, hakuna aliyeliona giza la upepo likija, na mashua ilipinduka kila mara. Mchoraji amependekeza simu ilazwe mezani na mashua ionekane kutoka juu kabisa. Binti wa sauti anataka upepo wa ghafla usikike kabla haujaonekana, ili wasihitaji kuyatazama maji wakati wote. Watajaribu la sauti kwanza, kwa sababu halihitaji kuchora chochote.